Naombeni ushauri kuhusu kuuza kofia za mkono
Habari zenu wapendwa. Mama yangu yupo Unguja anashona kofia za viua kwa mkono, anatoboa tobo moja moja alafu anazungushia uzi, kofia moja inaweza kula miezi na macho yanamuuma kweli. Sasa wachuuzi wanakuja wanampa bei ya kofia za mashine zinazotoka nje, yani inaniuma sana maana ile ya mkono ukiifua ukaitia wanga inasimama vizuri na mtu anaivaa na kanzu miaka na miaka. Nataka nimtafutie wateja mwenyewe, Mombasa na hata Oman. Nyie mnaofanya biashara hii bei mnapangaje? Na mteja anaeona picha tu kwenye simu, nimuonyeshe nini aamini ni kazi ya mkono?