Je, jarida la The Dial lilishindwa?

Hoja iliyo mbele yetu inasema kwamba The Dial, jarida lililotoka Boston kila baada ya miezi mitatu kuanzia Julai 1840 hadi Aprili 1844, lilishindwa, kwa kuwa wateja wake wa kudumu walikuwa kama 300 tu hata liliponawiri. Idadi hiyo siipingi. Ninachokataa ni kuifanya mizani.

Waliolianzisha ni Watransendentali, kundi la waandishi na wanafikra wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, walioamini kwamba nafsi ya mtu inaweza kuufikia ukweli bila kungoja idhini ya kanisa wala ushahidi wa milango ya fahamu. Humo ndimo Henry David Thoreau, kijana asiyejulikana bado, alimochapishiwa mashairi na insha zake za mwanzo. Humo pia, Julai 1843, Margaret Fuller alidai kwamba kila njia iliyo wazi kwa mwanamume iwe wazi kwa mwanamke, na insha hiyo aliipanua ikawa kitabu mwaka 1845. Toleo la Januari 1844 likawapa wasomaji sehemu ya Sutra ya Lotus, andiko takatifu la Kibudha, kwa Kiingereza, wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuwa wamesoma neno lolote la Kibudha. Ni kweli kwamba misemo ya Bronson Alcott, mwanafalsafa wa kundi hilo, iliyochapishwa humo ilichekwa magazetini, na hata mimi naiona nzito kupita kiasi, lakini ukurasa mmoja mbovu hauyafuti hayo mengine.

Kosa la jarida hili, kwa maoni yangu, liko kwingine, na linaniuma. Fuller, mhariri wake wa kwanza, aliahidiwa dola 200 kwa mwaka. Alihariri kwa miaka miwili, akiandika mwenyewe kurasa nyingi pale makala za wenzake zilipokosekana, huku akijitafutia riziki kwa kuongoza mikutano ya mazungumzo ya wanawake. Malipo hayo hakuyapata, na mwaka 1842 alijiuzulu akiwa amechoka. Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri wa kundi hilo, ndiye aliyeshika nafasi yake, na leo wengi hulitaja jarida hilo kana kwamba lilikuwa lake peke yake.

Basi nawauliza mnaohesabu wanunuzi: kwa nini jasho la mhariri asiyelipwa halimo katika hesabu yenu?