Naomba ushauri: injini ya Zenith CH 701, Nanyuki

Wadau, habari zenu. Najenga ndege yangu mwenyewe, Zenith CH 701 ya viti viwili. Mabawa na mkia tayari. Mwili uko gereji, umechomekwa kleko (pini za muda za kushikilia mabati) kila tundu hadi mke wangu anauita nungunungu. Sasa nimekwama kwenye injini.

Shida ni mwinuko. Uwanja wetu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa nyepesi hivi, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hubaki na kama asilimia 80 tu ya nguvu zake. Kwa hiyo injini ya Rotax 912 ULS ya nguvu za farasi 100 naihesabu 80, na mchana wa jua kali chini ya hapo. Rotax 914 ina tabo, haichoki mapema, lakini bei yake inanitoa jasho, na vya kuharibika ni vingi zaidi. Jabiru 2200 ni rahisi, propela inafungwa moja kwa moja bila giaboksi, ila ni farasi 85 na inapozwa kwa hewa tu. Naogopa joto nikipanda polepole.

Fundi wangu wa magari anasisitiza Subaru. Vipuri vipo kila kona, kweli, lakini huo uzito wote puani?

Aliyerusha 912 kwenye viwanja vya juu: inapandaje mkiwa wawili na tangi limejaa? Na propela mliiwekea pembe gani?