Tupeane uzoefu: safari ndefu na mbwa kwenye gari binafsi

Mkazi_wa_Bonyokwa:
Wakuu, Desemba inakaribia na wengi tunapanda Kaskazini na familia, mbwa akiwemo. Tuweke hapa mambo ya vitendo: anakaa wapi, anakula saa ngapi, mnasimama wapi, nini huharibika. Njia ya mfano iwe Dar hadi Moshi kwa Chalinze, Segera na Same, kilomita zaidi ya 500. Wa njia nyingine karibuni.

Naanza na mazoezi. Mbwa wengi wa kwetu hupakiwa garini siku ya sindano tu, kwa hiyo wakiona mlango wa gari umefunguliwa wanajua ni maumivu. Anza wiki 3 kabla. Siku za mwanzo injini izimwe, milango iwe wazi, ale chakula chake humo ndani dakika 5. Kisha washa injini bila kuondoka. Kisha zungukeni mtaa dakika 10, halafu nusu saa, na muishie mahali anapopapenda. Akidondosha mate mengi, akilamba midomo na kupiga miayo mfululizo, umemkimbiza. Rudi hatua moja.

Fundi_Viti:
Akae kiti cha nyuma, au nyuma kabisa kwa gari kama Probox. Kiti cha mbele hapana, mfuko wa hewa ukifyatuka unaweza kumuua. Mfunge kwa mkanda wa kifuani, ule unaopita mabegani na chini ya kifua. Kola ya shingo haifai, maana breki ya ghafla uzito wote unaishia shingoni. Pitisha mkanda wa kiti kwenye kitanzi cha mgongoni ndipo uuchomeke. Urefu umtoshe kulala na kugeuka, lakini asifike kwa dereva.

Kinachomchosha mbwa njiani hasa ni kujishikilia. Kiti cha ngozi kinateleza, na kila tuta anakaza miguu na kukwangua kwa kucha. Tandika turubai lenye kamba 4: mbili zifungwe kwenye vichwa vya viti vya mbele, mbili vya nyuma, likae kama machela. Juu yake weka mpira wa kukanyagia na shuka kuukuu. Lile pengo la miguuni lijaze begi la nguo au kipande cha godoro, la sivyo turubai linabonyea na kila breki mbwa anatumbukia humo.

Wenye Probox, msiendeshe na mlango wa nyuma wazi eti apate hewa. Gari likitembea, moshi wa ekzosi unavutwa kurudi ndani, na anayeuvuta wa kwanza ni yeye.

Pick-up ndiyo mbaya zaidi. Mbwa aliyefungwa kamba ndefu shingoni akiruka ukingo wa bodi ananing'inia nje, na dereva hana habari. Tumia kreti iliyokazwa kamba pembe zote 4, yenye kivuli na godoro chini, kwa sababu bati la bodi likipigwa jua linababua nyayo.

Binti_wa_Pwani:
Kaka Fundi, niongeze kwenye turubai. Kwa familia za Kiislamu huku kwetu, gari hilohilo ndilo la kwendea msikitini, na kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa yakigusa kitu kinaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo turubai lipande hadi kwenye milango, kwa sababu mate yanaruka na kitambaa cha mlango hakivuliki kuoshwa. Nguo za swala na mikeka viwe kwenye begi la plastiki lenye zipu. Kikavu kwa kikavu hakina neno, tatizo ni umajimaji. Mkijipanga hivi hakuna mzee atakayekataa mbwa asipakiwe.

Daktari_Mifugo:
Chakula: mlo wa mwisho uwe mdogo, masaa 4 hadi 6 kabla ya kuondoka. Mkiondoka saa 10 alfajiri, ale jioni ya jana yake basi. Maji msimnyime. Mbwa anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo wa kilo 20 ni lita moja na kidogo, na joto likizidi anahitaji zaidi. Bebeni lita 3. Anayetapika kila safari, iko dawa inaitwa maropitant. Kipimo apange daktari, na anapewa masaa 2 kabla. Msimpe ibuprofeni, diklofenaki wala parasetamoli za nyumbani. Dawa za kumlegeza nazo msijinunulie, baadhi zinavuruga uwezo wake wa kujipoza.

Joto ndilo linaloua. Nje kukiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililoegeshwa inafika kama 40 kwa dakika 10, na karibu 50 kwa nusu saa. Kushusha vioo vidole viwili hakusaidii kitu. Mkienda kula, mtu mmoja abaki naye kivulini. Dalili ni kuhema kwa kelele, ufizi mwekundu sana, mate mazito, kuyumba. Mwageni maji ya kawaida tumboni, mapajani na nyayoni, mpepeeni au washeni kiyoyozi, mkimpoza hivyo ndipo mumkimbize kwa daktari. Wenye mbwa wa pua fupi, tambarare ya Same ipiteni kabla ya saa 5 asubuhi.

Dereva_Masafa:
Simameni kila masaa 2, dakika 15. Kamba ishikwe mkononi KABLA mlango haujafunguliwa, kwa sababu mbwa hupotea au kugongwa pale pale mlangoni. Epukeni stendi, kuna mifupa ya kuku imetupwa, na mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo asikanyage chini kabisa. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha damu watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi.

Mnaovuka Namanga, Holili au Horohoro: cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha kuingiza mnyama kilichoombwa mapema nchi mnayoingia.

Njia ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Hapo hakuna kusimama wala kumshusha, na vioo vifungwe kwa ajili ya mbung'o. Akiumwa na mbung'o, homa inaweza kuja wiki kadhaa baadaye, akakonda na jicho likaingia ukungu wa bluu. Mkimpeleka kwa daktari mtajieni Mikumi kwa jina, apimwe damu mara moja.