Wauzaji wa mtandaoni Mombasa, mwatuchosha

Jamani, hili la matangazo limevuka mpaka. Mtu aweka tanzia Facebook, mzee wao amefariki, mazishi Kikowani baada ya swala ya alasiri, na chini yake, katikati ya watu wanaotoa pole, kuna aliyebandika picha za marashi na namba yake ya simu. Ukoo mzima umeiona hiyo namba. Hilo halina hata la kujadili.

Vikundi vya WhatsApp ndivyo vilivyotufikisha hapa. Mteja anunua dera moja tu, kesho ajikuta ndani ya kikundi cha watu mia nne asiowajua, na kila aliyemo aiona namba yake. Usiku wanawake waanza kuandikiwa "mambo mrembo" na mabwana wasiowahi kununua hata kitambaa cha jasho. Wengine hawangoji ununue: waingia kikundi cha wazazi wa shule au cha madrasa, wachota namba zote, waanza kurusha matangazo. Hilo ni kosa kisheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 chakataza kutumia data za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi. Kuwa naye kikundi kimoja si idhini.

Na njia ya heshima ipo, tena bure. WhatsApp ina orodha ya matangazo ("broadcast list"): orodha moja yachukua hadi watu 256, kila mmoja apata ujumbe kivyake, hakuna aonaye namba ya mwenzake, na akijibu, jibu laja kwako tu. Ujumbe haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako, na hapo ndipo wengi husema haifanyi kazi wakarudi kwenye vikundi. Yafanya kazi vizuri sana, ila hukumwomba mteja akuhifadhi. Mwombe unapomkabidhi mzigo: "Nikujulishe mzigo mpya ukiingia? Basi nihifadhi." Akinyamaza, achana naye. Tuma mara moja au mbili kwa wiki, mwishoni mwambie asiyetaka aandike "nitoe", na akiandika mtoe siku hiyo hiyo. Watu wakizidi kukubloku na kukuripoti, WhatsApp huifunga namba, na wateja wote wanaoijua namba hiyo wamekupotea.

Sasa "bei njoo inboksi". Kisingizio ni eti washindani wataiona bei. Mshindani ajifanya mteja, auliza, apewa bei kwa dakika moja! Anayezuiwa ni mtu aliye na pesa mkononi na hana muda wa kubembeleza. Tena watu wameshaanza kuamini kwamba bei yategemea picha ya wasifu, wa Nyali ana yake na wa Kisauni ana yake. Tangazo la leso likiandikwa hivi lakosa nini? "Doti moja, pamba, 700. Haijapindwa, kupindwa ongeza 100. Biashara Street, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumapili tumefunga." Piga picha mchana karibu na dirisha, bila kichujio, maana nyekundu huwa chungwa na mteja akirudisha mzigo ana haki. Na picha ziwe za mzigo ulio nao dukani, si za ukurasa wa muuzaji wa Dubai.

Linaloniudhi kabisa ni skrinshoti za M-Pesa mnazoweka kuonyesha mwauza. Jina la mteja, namba yake na pesa alizolipa, zote hadharani. Mwingine afuta jina kwa ile kalamu ya kuangazia ya simu, nayo ni nyepesi: ongeza mwangaza wa picha tu, jina lasomeka. Kata kipande chenye jina na namba, au kifunike kwa kisanduku cheusi kizima. Picha za wateja ni hivyo hivyo, omba kwanza. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuweka picha za mteja bila ridhaa yake.

Malalamiko yakija, mwayafuta na kumbloku mlalamikaji. Mjibu pale pale alipoandika, taja kosa lenyewe, sema utarekebisha lini, ndipo umhamishie inboksi kwa ajili ya namba na risiti.

Na hii "tunapeleka bure Mombasa yote" mwiache. Mtu ashalipa, ndipo aambiwa Likoni ni juu yake kwa sababu ya feri, na Mtwapa eti ni Kilifi. Ni Kilifi kweli, lakini jirani yake wa Bamburi mwampelekea bure. Andikeni majina ya mitaa inayopelekewa bure na nauli ya boda kwa iliyobaki, kabla mtu hajatuma pesa.