Kigoma au Tabora: nyumba ya kupangisha ijengwe wapi?

Swali kutoka Leeds

Shikamooni wakubwa. Mimi na ndugu zangu tunataka kujenga nyumba ya kupangisha. Wengine wanavutia upande wa Kigoma, wengine Tabora. Miji yote miwili imedorora muda mrefu. Upi utaamka kwanza, na tukikosea tunapoteza nini?

Jibu kutoka Gungu, Kigoma

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na reli, maana ndiyo inayopandisha bei za viwanja. Kipande cha SGR, reli mpya ya kisasa, cha Tabora–Kigoma ni kilomita 506 na mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Kabla yake kuna Makutupora–Tabora, kilomita 368. Treni haifiki huku Ziwa Tanganyika bila kupita Tabora, kwa hiyo kila kinachochelewa huko nyuma kinatuchelewesha sisi zaidi. Abiria wa SGR walipoanza kubebwa 2024, waliishia Dodoma. Sasa dalali anayekuonyesha "kiwanja cha stesheni" muulize ramani ya TRC, Shirika la Reli, aliipata wapi.

Kigoma lakini haikai kuisubiri SGR. Nguvu yake ni ziwa: mizigo ya Bujumbura kule Burundi, Uvira na Kalemie kule Kongo, dagaa, migebuka, mawese. Kwa miaka mingi kilichotubana ni umeme wa majenereta ya dizeli. Kiwanda cha barafu au cha kusafisha mawese hakilipi kwa umeme wa namna hiyo. Gridi ya Taifa ndiyo inayobadilisha hesabu, naiweka mbele ya reli. Ubaya ni kwamba biashara ya mpakani haina dhamana. Uvira ikichafuka, bandari yetu ndogo ya Kibirizi inapoa, na mpangaji wako mfanyabiashara anaanza kuomba muda.

Hela za watu walio mbali huishia kwenye mwinuko. Kiwanja cha kilimani chenye mandhari ya ziwa huuzwa kwa bei ya kawaida, halafu kinakula pesa kwenye ukuta wa kuzuia udongo kabla hujaweka tofali la nyumba. Mafundi wengi husimamisha ukuta wa mawe bila matundu ya kutolea maji. Masika maji hujaa nyuma yake, udongo unakuwa mzito, ukuta unabinuka na kuondoka na kona ya msingi. Dai matundu ya bomba la inchi 2 au 3 chini ya ukuta, kila mita moja na nusu hivi, kokoto nyuma yake badala ya udongo mtupu, na mtaro juu ya kiwanja wa kukatiza maji ya jirani. Dai picha za kokoto kabla hazijafukiwa. Zikishafukiwa, kila fundi atakuambia aliziweka.

Ufukweni usiguse. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na Tanganyika imepanda miaka hii na kuingia kwenye majengo ya watu. Mita 60 zilizopimwa ziwa likiwa limeshuka hazikusaidii leo. Kwa nyumba ya kupangisha, tafuta Mwanga au Gungu, kwenye barabara inayopitika mvua na jua.

Jibu kutoka Ipuli, Tabora

Mwangaluka. Mwenzangu kasema kweli, ila kwa mtu asiyeweza kusimama saiti mimi nasema Tabora kwanza. Kigoma ikifaulu itaipita Tabora kwa mbali, hilo sibishi. Lakini huku mpangaji hategemei mpaka wa nchi. Kuna chuo cha reli, chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, hospitali ya Kitete, na watumishi wanaohamishiwa huku kila mwaka. Maji ya Ziwa Victoria yamefika, hatulitegemei tena bwawa la Igombe peke yake. Tumbaku nayo huingiza pesa, ila ni pesa ya msimu.

Wapangaji wa wakandarasi wa SGR msiwajengee. Wanalipa vizuri, kisha kambi inahama na nyumba ya vyumba vinne inabaki na popo. Jengeni vyumba vya kujitegemea, kila kimoja na mita yake ya LUKU, karibu na chuo.

Adui wa huku ni mchwa. Dawa hunyunyizwa kwenye udongo wa ndani ya msingi na pembeni mwa kuta, kabla ya kutandika nailoni na kumwaga zege la sakafu. Ikishamwagwa zege, umechelewa. Mchwa hupenya kando ya mabomba, kwa hiyo pazibwe vizuri. Fremu za milango ziwe za chuma, na mbao za kupaulia ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Kuzipaka oili chafu ni kujifariji tu.

Tofali hesabuni wenyewe: mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa zaidi ya tofali 35 za inchi 6, mchanga umezidi. Na zimwagiliwe siku 7, jua la Tabora halina huruma.

Nyongeza kutoka Gungu

La hati, kwa miji yote miwili. Kama kuna mwenzenu aliyechukua uraia wa Uingereza, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamhesabu si raia. Jina lake lisiandikwe kwenye hati kabla hajapata maelezo ya Wizara ya Ardhi kuhusu hadhi maalumu ya diaspora. Nunueni kilichopimwa tu, chenye namba ya kiwanja na kitalu. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, siyo kwa mwenyekiti wa mtaa, na mdai risiti ya pango la ardhi ya mwaka huu. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

Anayewasimamia apewe hati ya uwakili iliyosainiwa mbele ya notari au ubalozini na kusajiliwa huku. Iseme kununua na kujenga. Neno kuuza lisiwemo.