Naomba ushauri: nikibadili nakala ya orodha kwenye Python, ya awali nayo inabadilika
Habari wakuu. Naandika programu ya duka. Nina orodha ya bidhaa niliyoiita a, na kila bidhaa ni orodha ndogo ya jina na bei. Niliandika b = a, nikabadili bei kwenye b, na a ikabadilika. Sawa, hayo ni majina mawili ya kitu kimoja. Nikatumia a.copy(), bei bado zinabadilika kote kote! Kumbe inanakili orodha ya nje tu, zile za ndani ni zilezile. copy.deepcopy(a), inayonakili hadi orodha za ndani, imenitatulia, ila bidhaa ni maelfu na naiita kila mteja anapolipa, programu inakuwa nzito. Je, kila bidhaa niifanye tuple (aina ya orodha isiyoweza kubadilishwa ikishaundwa) ili isibadilike kabisa, au kuna njia bora? Naombeni msaada, nimekwama siku ya tatu sasa.