Ngozi iliyolegea baada ya kupungua kilo 41 kwa sindano: mashine au kisu?

Rehani

Habari zenu nyote. Katika miezi kumi na sita iliyopita nimepungua kilo 41 kwa sindano za tirzepatide, na sasa ninahangaika na ngozi iliyobaki ikining'inia. Kliniki moja imenipendekezea vipindi sita vya mashine ya mawimbi ya redio, ile inayopasha ngozi joto ili ikaze bila kukatwa, na punguzo lao linakwisha Ijumaa hii. Daktari wa upasuaji niliyemwona kabla yao aliniambia kwa mkato kwamba mashine hazitanifaa kitu na kwamba dawa ya ngozi yangu ni kisu. Huyu anauza kisu, wale wanauza mashine, nami sijui nimwamini nani. Nikilipia mashine, akiba ya upasuaji nitaianza upya. Mliopitia mojawapo, naomba mnishauri.

Nesi Mstaafu

Ndugu Rehani, swali lako halijibiki lilivyo. Hukusema ngozi hiyo iko wapi, kama ni shingoni, mikononi, tumboni au mapajani. Hukutaja umri wako, wala kama uzito umetulia, wala kama bado unachoma sindano, unavuta sigara, una kisukari au unatarajia kubeba mimba tena. Hata kama wewe ni dada au kaka hatujui. Mwenye ngozi iliyolegea kidogo chini ya kidevu na mwenye pindo la tumbo linalofunika kinena ni wagonjwa wawili tofauti, ingawa wote watakuambia kwamba ngozi yao imelegea. Kuhusu hiyo Ijumaa, kliniki inayompa mtu siku nne za kuamua jambo la mwili wake inanitia shaka kabla hata sijauliza mashine yao ni ya aina gani.

Fundi Cherehani

Nilipungua kilo 52, nikakatwa tumbo na mikono, kwa hiyo upande wangu mnaujua mapema. Mpira wa kiunoni ukishavutika miaka kumi, hakuna anayeurudisha kwa kuupasha moto. Ngozi ina nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara na nyuzi za elastini zinazoifanya irudi ilikotoka, na hizi za pili zikishaharibika, mwili wa mtu mzima hautengenezi nyingine kwa kiasi cha maana. Nguo iliyozidi hupunguzwa kwa mkasi, haipunguzwi kwa pasi.

Kibuyu

Fundi, pasi nayo ina kazi yake. Nilifanya vipindi vinne vya mawimbi ya redio shingoni na kwenye taya, na tofauti yake hata mume wangu, ambaye nikibadili mtindo wa nywele hupitisha wiki bila kujua, aliiona. Joto lile hukaza kolajeni iliyopo na kuichochea ngozi itengeneze nyingine, ndiyo maana matokeo huja polepole, baada ya miezi mitatu hadi sita. Sikulazwa, sikushonwa, na kesho yake nilikuwa kazini. Kinachonikera ni waliokatwa kudhani kwamba kila mtu sharti akatwe.

Fundi Cherehani

Dada Kibuyu, ulipungua kilo ngapi?

Kibuyu

Kilo 14. Lakini aliyeuliza hakuuliza kuhusu kilo zangu.

Nesi Mstaafu

Hakuuliza, ila jibu lako linazitegemea. Shingo iliyolegea kidogo ndipo mahali hasa ambapo mashine hizo, za mawimbi ya redio na za ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti, hufanya vizuri. Tunaendelea kumsubiri Rehani.

Rehani

Samahani, nilikuwa zamu. Mimi ni dada, nina miaka 38 na watoto wawili, sitarajii mwingine, sivuti sigara na sina kisukari. Tatizo kubwa ni tumbo, kisha mikono. Nikisimama mbele ya kioo nimevaa, sina la kulalamikia. Lakini nikiinama kufunga kamba za viatu tumbo linashuka kama mfuko mtupu, na nikishuka ngazi kwa haraka nalisikia likipiga makofi juu ya mapaja. Chini ya lile pindo panawasha na kubabuka kila nikitoka jasho. Wa kliniki walinibana ngozi kwa vidole viwili, wakaiachia, wakasema bado ina uhai.

Nesi Mstaafu

Dada Rehani, asante, ingawa umeruka maswali mawili ambayo nitayarudia. Tumbo linalopiga makofi ni ngozi iliyozidi kwa eneo. Mashine inaweza kukaza ngozi kwa kiasi kidogo, lakini haiwezi kuondoa sentimita kumi au ishirini za ngozi ambazo hazina tena kitu cha kufunika. Hapo nakubaliana na daktari wako, ijapokuwa lugha yake haikuwa ya kumwambia mgonjwa.

Ukienda kwake tena, muulize alikuwa anazungumzia operesheni ipi, kwa sababu ziko mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya kuondoa pindo linaloning'inia tu. Kitovu mara nyingi hakihamishwi na misuli haiguswi. Nyingine hukata ngozi kutoka nyonga hadi nyonga, hukipatia kitovu mahali papya na hushona misuli ya katikati ya tumbo iliyoachana, jambo linalowapata wanawake wengi waliozaa. Kama misuli yako imeachana, ukiondolewa pindo peke yake utabaki na tumbo lililochomoza. Tena, kuwashwa na kubabuka huko kuandikishwe kwenye faili lako kila unapokwenda kutibiwa, kwa maana palipo na bima, operesheni ya kwanza inaweza kuhesabiwa kuwa matibabu, ilhali ya pili huhesabiwa kuwa urembo.

Sasa yale mawili: uzito wako umetulia tangu lini, na je, bado unachoma sindano?

Bahari Shwari

Naomba maswali hayo mawili yasipite hivi hivi, kwani mimi niliyapita na nikalipa. Nilikatwa tumbo mwaka juzi nikiwa bado ninapungua. Semaglutide, sindano ya kupunguza uzito kama hiyo yako, ilikuwa imeniondolea hamu ya kula kiasi kwamba vijiko vinne vilinishibisha mchana kutwa, nami nilijisifia jambo hilo, hata kwa daktari. Hakuna aliyenipima albumini, yaani protini ya kwenye damu, wala madini ya chuma, na mimi sikujua kwamba kidonda hujengwa kwa protini ambayo sikuwa naila.

Siku ya tisa nilihisi unyevunyevu ndani ya ile nguo ya kubana nikadhani ni jasho. Usiku nilipoifungua nilikuta mshono umeachia pale katikati, chini kabisa, ambapo ngozi ya juu na ya chini huvutana kuliko kwingine, na tundu lake lilitosha ncha ya kidole gumba. Nilipiga simu hospitali, wakaniambia nisubiri siku ya kliniki. Kwa wiki saba nilijaza tundu hilo shashi yenye maji ya chumvi, asubuhi na jioni, mke wangu akishika tochi kwa kuwa sikuweza kuona chini ya tumbo langu mwenyewe. Katikati ya hayo majimaji yakakusanyika chini ya ngozi upande wa kushoto, yakanyonywa kwa bomba la sindano mara nne. Tundu lilipoziba nilikuwa nimepungua kilo nyingine tisa, na ngozi ya juu ya kitovu ikalegea upya. Ninalo kovu la nyonga hadi nyonga, na bado nina ngozi ya kushika mkononi.

Siwakatazi watu upasuaji. Ningerudi nyuma ningekatwa, ila mwaka mmoja baadaye.

Fundi Cherehani

Pole sana, ndugu yangu. Mimi nilizuiliwa hadi uzito ukae pale pale miezi sita, nikanung'unika wakati ule. Mirija ya kutolea majimaji nilikaa nayo siku kumi na moja, nguo ya kubana wiki sita, na kunyoosha mgongo wima kulinichukua karibu wiki mbili. Kovu la mikono linatoka kwapani hadi kwenye kiwiko na linaonekana nikivaa mikono mifupi, jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha.

Rehani

Sasa nimeogopa. Bado nachoma sindano kila wiki, na mwezi uliopita nilipungua kilo mbili, kwa hiyo nadhani sijatulia. Jambo jingine ambalo sikulitaja kwa kuwa sikuliona kuwa na uhusiano: nilipotoboa masikio nikiwa msichana nilipata kelodi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe; moja ilikatwa ikarudi kubwa zaidi.

Kibuyu

Unaona! Mtu mwenye kelodi anashauriwa mkasi wa nyonga hadi nyonga, na sisi wa pasi tunaonekana wajinga.

Nesi Mstaafu

Kelodi haimzuii mtu kukatwa moja kwa moja, ila daktari lazima aijue kabla hajashika kisu. Masikio, kifua na mabega ndiko zinakopenda kuota. Tumboni si sana, lakini usalama haupo kamili. Aliyejiandaa hupanga mapema karatasi za silikoni na sindano za steroidi ndani ya kovu mara linapoanza kuinuka.

Dada Kibuyu, usishangilie upesi. Rehani, hiyo mashine ina visindano au ni ya kupitishwa juu ya ngozi tu?

Rehani

Kwenye karatasi yao kuna mchoro wa visindano vingi vidogo vinavyoingia ndani ya ngozi. Sikujua kwamba hiyo ni aina nyingine.

Nesi Mstaafu

Ni aina nyingine kabisa. Inatoboa na kupasha joto kwa wakati mmoja, na Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu yake baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, neva kuumia na mafuta ya chini ya ngozi kupotea. Kwa mtu wa kelodi, maelfu ya vitobo si jambo la kuharakia kwa sababu ya punguzo. Ile ya kupitishwa juu ya ngozi ni pole zaidi, na faida yake kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni kwamba haifuati rangi ya ngozi, tofauti na leza nyingi zinazoweza kuacha madoa. Hata hivyo, kwa tumbo ulilolieleza, upole huo ndio pia udhaifu wake.

Subira

Mbona hakuna anayetaja kungoja? Sehemu ya uzito unaopotea kwa dawa hizi ni misuli. Mimi nilinyanyua vyuma miezi kumi na mikono ikajaa kidogo, ngozi ikapata cha kukumbatia. Tumbo halikubadilika, nakiri. Unga wa kolajeni nao niliunywa mwaka mzima, na sikuona tofauti popote isipokuwa kwenye pochi.

Lakini kuna la kuuliza zaidi: Rehani atakatwa, kisha ataacha dawa? Katika utafiti mmoja mkubwa wa semaglutide, walioacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza ndani ya mwaka mmoja. Ngozi iliyoshonwa ikivutwa upya, fedha imekwenda bure.

Bahari Shwari

Na kabla ya operesheni lazima aache sindano wiki moja. Dawa hizi huchelewesha chakula tumboni, na mtu akishalazwa usingizi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Nesi Mstaafu

Huo ulikuwa mwongozo wa 2023 wa madaktari wa usingizi wa Marekani. Oktoba 2024 vyama kadhaa vilikubaliana kwamba wagonjwa wengi wanaweza kuendelea na dawa, na wale walio katika hatari zaidi, kama anayeongezewa dozi au anayesumbuliwa na kichefuchefu, watumie vyakula vya majimaji pekee saa 24 kabla.

Bahari Shwari

Mimi niliambiwa wiki moja, na kwa yaliyonipata sitamshauri mtu pungufu ya hapo.

Nesi Mstaafu

Basi amuulize atakayemlaza usingizi. Mimi na wewe hatutakuwepo chumbani.

Kibuyu

Je, mikono angalau aipeleke kwenye mashine, tumbo lisubiri? Ya kupitisha juu, si ya visindano.

Fundi Cherehani

Ainue mkono usawa wa bega, ashike kinachoning'inia. Kikijaa kiganja, tumeshazungumza: ni mkasi.

Rehani

Kimejaa nusu kiganja. Nimewapigia kliniki kuwaambia kwamba sitalipa Ijumaa, na papo hapo wamenisogezea punguzo hadi mwisho wa mwezi. Sijaamua. Kwa sasa kinachonitesa zaidi ni kule kubabuka. Nimeanza kupakausha vizuri na kupaka dawa ya fangasi niliyopewa, lakini suruali inapasugua upya kila siku. Fundi, mkanda wa suruali ukae juu ya pindo au chini yake?

Fundi Cherehani

Juu, dada yangu, tena juu ya kitovu. Mwambie fundi wako aweke kiuno kipana, vidole vinne, cha kitambaa kinachonyumbulika, asitie mpira mwembamba, kwa kuwa huo ndio unaokata. Upande wa ndani atie pamba laini ishuke hadi chini ya pindo, ngozi isigusane na ngozi, na mshono wake ageuzie nje.

Subira

Samahani kwa kudandia, hiyo pamba ya ndani inaweza kutolewa na kufuliwa peke yake?

Fundi Cherehani

Inaweza, ukiishikiza kwa vifungo vya kubana. Mimi nilijishonea tatu.